Brut na keki haziivi chungu kimoja

Msimu wa harusi na kipaimara unakaribia, na barua tulizopokea zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: mbona mvinyo wa mapovu ulio mkavu, ule ulioandikwa Brut, unawashinda watu kunywa? Haushindi mtu ukiandaliwa na chakula chake. Tumechagua barua tano.

Habari za kazi. Juni tulimwoza binti wa dada yangu. MC alipofungua shampeni wakati wa keki, wageni walionja wakakunja uso, wengine wakasema imechacha. Chupa zilikuwa mpya, zimeandikwa Brut, na hazikuwa za bei ndogo. Desemba ni zamu ya mwanangu wa kiume, wageni 200. Sitaki aibu ile ijirudie.
*Mama wa bwana harusi, Morogoro*

Shikamoo mama, na hongera kwa kupata mkwe. Shampeni ile haikuchacha. Kilichoiangusha ni keki.

Brut ni mvinyo wenye sukari isiyofika gramu 12 kwa lita. Glasi ya mililita 125 haina hata gramu moja na nusu, yaani haifiki nusu kijiko cha chai. Soda nyingi zina karibu gramu 100 kwa lita. Sasa mgeni amelishwa kipande cha keki chenye aisingi, ulimi umejaa sukari, halafu anapewa Brut. Sukari ndogo iliyomo haisikiki tena, anabaki na uchachu mtupu. Ukitaka kuelewa, kula kipande cha halua kisha unywe chai uliyokwisha kuitia sukari: utaapa haina sukari.

Badilisha ratiba, usibadilishe mvinyo. Brut ifunguliwe wageni wakiingia ukumbini, au mara maharusi wakishaketi na kabla ya chakula, pamoja na vitafunwa vya chumvi: korosho za kukaanga, sambusa za nyama, vipande vya kuku wa kukaanga. Glasi zigonganishwe hapo. Keki ikifika zamu yake, itolewe chupa iliyoandikwa Demi-Sec, ambayo ina gramu 32 hadi 50 za sukari kwa lita, au Asti tamu ya Italia inayotokana na zabibu za Moscato. MC aambiwe mapema, maana yeye ndiye mwenye mazoea ya kuita shampeni na keki kwa pumzi moja.

Hesabu yake ni hii. Chupa ya mililita 750 hutoa glasi saba za kugonganisha, mililita 100 kila moja, na kinachobaki huishia kwenye povu. Tuseme katika wageni 200 wanaokunywa pombe ni 140: unahitaji chupa 20 za Brut, ongeza mbili za tahadhari. Wakati wa keki watu hunywa kidogo, glasi kumi kwa chupa zinatosha, kwa hiyo Demi-Sec 14.

Ubaridi ndio unaosahaulika. Brut ya uvuguvugu hutoa povu jingi, hunuka pombe na kuonekana kali zaidi. Tumia beseni kubwa, barafu na maji nusu kwa nusu, kwa sababu barafu tupu huigusa chupa hapa na pale tu ilhali maji ya barafu huizunguka yote. Tenga kilo moja ya barafu kwa kila chupa, na zikae humo dakika 30 hadi 40. Usizisogeze kwenye friza ili kuokoa muda. Chupa iliyosahaulika humo huganda na inaweza kupasuka.

Wasiokunywa pombe wapewe maji ya soda yenye ndimu au juisi ya ukwaju katika glasi nzuri zilezile, lakini kwenye sinia tofauti na mhudumu tofauti. Zipo juisi za zabibu zinazouzwa kwenye chupa zenye foili na kizibo kama cha shampeni, rahisi kuchanganywa nayo, na mbele ya mgeni Mwislamu kosa la sinia si dogo.

Kwa supamaketi niliona Extra Dry nikadhani ni kavu kushinda Brut. Muuzaji akaniambia ni kinyume. Nani ako sawa?
*Msomaji, Nairobi*

Muuzaji. Extra Dry ina gramu 12 hadi 17 kwa lita, kwa hiyo utamu wake unaizidi Brut kidogo. Kwa vipimo vya Ulaya, ngazi inaanza na Brut Nature, isiyoongezwa sukari na isiyozidi gramu 3. Extra Brut hadi 6. Brut chini ya 12. Kisha Extra Dry. Halafu Sec au Dry, 17 hadi 32. Demi-Sec 32 hadi 50. Na Doux, zaidi ya 50.

Mkanganyiko huu una historia. Katika karne ya 19 shampeni ilikuwa tamu sana, na neno "kavu" lilimaanisha tu kwamba chupa hii haina utamu mwingi kama ile. Soko la Uingereza likazidi kudai isiyo na sukari, na mwaka 1874 nyumba ya kutengeneza mvinyo ya Pommery, mjini Reims, Ufaransa, ikatoa shampeni iliyokaushwa kwelikweli. "Kavu" lilikuwa limekwisha kutumika, ndipo likachukuliwa neno "brut", ambalo kwa Kifaransa ni ghafi, kitu kisichopambwa. Kwa chakula cha chumvi chukua Brut. Extra Dry iache kwa vitafunwa vyenye utamu kidogo, kama ndizi mbivu za kukaanga.

Mimi ni mhudumu wa hoteli Arusha. Wageni wakiniuliza ladha ya brut nasema "ni drai", basi, naishiwa. Nipeni maneno ya Kiswahili. Pia chupa zangu humwaga povu nikifungua.
*Mhudumu, Arusha*

Ndugu yetu, tuanze na mkono, kisha tuje kwenye ulimi.

Ndani ya chupa ya shampeni kuna shinikizo la takriban bar 6, zaidi ya mara mbili ya tairi la gari dogo. Chupa iliyotikiswa au yenye joto husukuma gesi yote kwa mpigo, ndiyo povu unaloliona likimwagika. Iliyobebwa ngazini iache itulie kwenye barafu angalau nusu saa. Kisha toa foili. Weka kidole gumba juu ya kizibo na usikiondoe tena mpaka mwisho. Legeza waya kwa kuuzungusha nusu mzunguko mara sita, lakini uache palepale juu ya kizibo, utakusaidia kushika. Inamisha chupa kama digrii 45, mdomo ukielekea mahali pasipo na mtu. Sasa shika kizibo imara kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine zungusha chupa kutoka chini. Wanaozungusha kizibo ndio wanaokikata au kukiachia kikaruka. Ukihisi kinapanda, kikandamize kana kwamba unakikatalia, kitoke kidogo kidogo. Sauti unayoitaka ni "sss" fupi, si mlio wa bunduki. Mimina vidole viwili, subiri povu lishuke, ndipo ujaze hadi theluthi mbili.

Glasi ikioshwa kwa sabuni na isisuuzwe vizuri, povu hufa papo hapo. Mafuta hufanya vivyo hivyo, hata ya rangi ya mdomo. Isuuze kwa maji ya moto, ikauke yenyewe imesimamishwa kichwa chini. Glasi bora ni ndefu yenye tumbo kidogo na mdomo uliobana. Ile bapa kama bakuli hupoteza gesi na harufu upesi.

Maneno sasa. Kwanza tenganisha ukavu na uchachu, maana wageni wengi huvichanganya, na "drai" lako linavichanganya pia. Ukavu ni kukosa sukari. Uchachu ni ule ukali wa ndimu unaoleta mate pembeni mwa ulimi. Demi-Sec inaweza kuwa na uchachu sawasawa na Brut, ila sukari imeufunika.

Pili, nusa kabla ya kuonja. Harufu za mwanzo hutoka kwenye zabibu: Chardonnay huleta ndimu, tofaa la kijani na maua meupe, Pinot Noir huleta uzito kinywani na harufu ya matunda mekundu. Harufu za pili hutoka kwenye hamira. Shampeni, na mvinyo unaotengenezwa kwa njia yake, huumuka mara ya pili ukiwa ndani ya chupa iliyofungwa. Hutiwa hamira na kama gramu 24 za sukari kwa lita, hamira inakula sukari, gesi inakosa pa kutokea. Hamira ikishakufa hubaki chini kama mashapo, inavunjika polepole na kuuachia mvinyo harufu ya mkate uliotoka tanuri sasa hivi, biskuti, lozi, korosho za kuokwa. Kadiri ulivyokaa na mashapo ndivyo harufu hiyo inavyozidi.

Tatu, sikiliza mapovu. Mazuri ni madogo, yanapanda mfululizo, na kinywani yanakuwa laini kama povu la maziwa. Makubwa yanayochoma kama soda ni dalili ya gesi iliyotiwa tu.

Kwa hiyo badala ya "ni drai", sema: "Haina utamu, ina ukali safi wa ndimu na tofaa bichi, halafu inaacha ladha ya mkate wa kuchoma." Mgeni ataelewa, na atajua aagize nini cha kula.

Mara chache utakuta chupa mbovu kweli. Harufu ya boksi lililolowa au kitambaa chenye ukungu hutoka kwenye kizibo. Irudishe bila kubishana na mgeni. Harufu ya kabichi iliyochemka hutokana na mwanga, na huzipata zaidi chupa za kioo cheupe zilizosimamishwa chini ya taa au dirishani.

Sisi ni kikundi cha marafiki Mtwapa, kila mwisho wa mwezi tunapika pamoja: viazi karai, samaki wa kupaka, pweza, mara nyingine mbuzi choma. Tunataka kujaribu brut badala ya bia. Ianze na nini, na nini tusiiguse nayo?
*Msomaji, Mtwapa*

Dada, menyu yenu imekaa sawa kuliko mnavyodhani. Kabla ya kupika fanyeni jaribio hili la dakika tano, litawafundisha kuliko maelezo yetu. Kila mtu awe na glasi ya Brut baridi, chumvi kidogo, sukari kidogo na kipande cha ndimu. Onjeni mvinyo peke yake. Wekeni chembe za chumvi ulimini, onjeni tena: makali yatalegea, tofaa na ndimu zitajitokeza. Suuzeni kinywa. Wekeni sukari, onjeni: mvinyo uleule umekonda, umekuwa mkali, karibu mchungu. Suuzeni. Nyonyeni ndimu, onjeni: sasa unaonekana laini, hata una utamu kidogo. Chumvi na ndimu ni rafiki zake, sukari ni adui. Mengine yote ni matawi ya hayo.

Anzeni na viazi karai. Hakuna chakula cha Pwani kinachoifaa Brut zaidi, nasi hatusiti kusema hivyo. Chumvi inatuliza uchachu, uchachu unakata mafuta, mapovu yanakwangua utando uliobaki ulimini, na tonge linalofuata linakuwa kama la kwanza. Kwa nusu kilo ya viazi vilivyochemshwa vikaiva bila kuvunjika, koroga gramu 150 za unga wa ngano, nusu kijiko cha chai cha manjano, kijiko kimoja cha chai cha chumvi, na maji kiasi cha kufanya uji mzito unaong'ang'ania kiazi. Mafuta yawe ya moto hasa: tone la uji likizama na kukawia, subiri, likipanda mara moja, kaanga. Kwenye mafuta ya vuguvugu viazi hunywa mafuta, vikawa vizito kiasi kwamba hata mvinyo hauviwezi. Nyunyiza chumvi vikitoka tu karaini. Shida ni ile chatini ya ukwaju. Ukwaju wenyewe hauna ugomvi na Brut, ila sukari tunayoutia ndiyo inayoharibu. Itengenezeni bila sukari, au kamulieni ndimu.

Samaki wa kupaka anahitaji uangalifu. Tui zito lina mafuta, na hapo uchachu wa mvinyo unafanya kazi yake vizuri, lakini lina utamu wake pia. Chagueni Brut ya kawaida iliyokaa muda mrefu na mashapo, msichukue Brut Nature, kwani kwa kukosa sukari kabisa itaonekana nyembamba mbele ya nazi. Pilipili iwekwe pembeni. Gesi huchoma, pilipili huchoma, pombe huongeza moto, na vyote vitatu vikikutana kinywani mtu haonji tena samaki wala mvinyo. Pilipili moja nzima iliyoelea kwenye tui kwa harufu, kisha ikatolewa haijapasuka, haina neno. Ndimu ikamuliwe mwishoni, samaki akiwa ametoka kwenye mkaa.

Pweza mchomeni kwa chumvi, kitunguu saumu na ndimu, atakwenda nayo moja kwa moja. Kamba vivyo hivyo. Mkipata chaza, wapewe ndimu tu, bila sosi ya nyanya.

Mbuzi choma ni swali gumu kidogo. Mbavu zenye mafuta na chumvi zinakubali, hasa na mvinyo uliotawaliwa na Pinot Noir au ule wa rangi ya waridi ulioandikwa Brut. Paja lisilo na mafuta halipati faida yoyote. Kwa hilo rudini kwenye bia au mvinyo mwekundu. Kachumbari isitiwe siki: vitunguu vifikicheni na chumvi, visuuzwe, kisha ndimu. Kitunguu kibichi kikali hukaa kinywani na kufunika kila kitu.

Pilau ya kuku inafaa. Bizari nzima, karafuu na mdalasini hupatana na ile ladha ya mkate na lozi ya mvinyo uliokaa. Biriani ya nyanya nyingi na vitunguu vilivyokaangwa hadi vikawa vitamu haifai. Mbaazi za nazi zinafaa, lakini mahamri yake, kwa sababu ya sukari, hapana. Chipsi mayai, kitimoto cha kukaanga kwa chumvi na ndimu, dagaa wa kukaanga, bisi za chumvi: ndiyo kwa vyote. Embe mbivu, kaimati na chokoleti zije glasi zikiwa zimeondolewa mezani.

Shampeni, prosecco, cava, na ile ya Afrika Kusini: tofauti ni bei tu au kuna zaidi? Na chupa ikibaki nusu niifanyeje? Rafiki yangu hutumbukiza kijiko mdomoni mwa chupa.
*Msomaji, Dar es Salaam*

Kuna zaidi. Shampeni hutoka mkoa wa Champagne, Ufaransa, pekee. Zabibu zake kuu ni Chardonnay, Pinot Noir na Meunier, na isiyoandikwa mwaka wa mavuno haiuzwi kabla ya miezi 15 tangu kutiwa chupani, 12 kati ya hiyo ikiwa na mashapo. Ndiyo maana ina mkate mwingi harufuni. Cava ya Uhispania huumuliwa chupani vilevile, kwa angalau miezi 9, zaidi kwa zabibu za Macabeo, Xarel·lo na Parellada. Ni kavu, rahisi, na kwa vya kukaanga haina mpinzani kwa bei yake. Prosecco ya kaskazini mashariki mwa Italia hutokana na zabibu za Glera na kwa kawaida huumuliwa kwenye tangi kubwa, kwa hiyo hupati mkate. Unapata peasi, tofaa na maua. Nzuri na korosho, nyepesi mno kwa samaki wa kupaka. Tena angalia lebo, kwani Prosecco nyingi ni Extra Dry.

Ya Afrika Kusini huitwa Cap Classique. Ilianza na mavuno ya mwaka 1971 katika shamba la Simonsig, Stellenbosch, pale Frans Malan alipotengeneza Kaapse Vonkel kwa njia ya Champagne. Hukaa na mashapo angalau miezi 12. Jua la Cape huipa matunda yaliyoiva zaidi, na uzito huo unafaa tui la nazi. Ungetuuliza ununue ipi kwa meza ya Kiswahili, tungesema hii kwanza.

Ukiona chupa ya bei ya chini sana, tafuta kwenye lebo maneno Cap Classique, Méthode Traditionnelle au Metodo Classico, yanayomaanisha kwamba mvinyo uliumuliwa chupani. Yasipokuwepo, wala si Shampeni, Cava, Prosecco au Asti, huenda ni mvinyo uliotiwa gesi kama soda: mapovu makubwa, yanayokwisha kabla hujamaliza glasi.

Kijiko hakizuii gesi hata kidogo. Kinachoihifadhi ni ubaridi na kifuniko cha kubana chenye mikono miwili ya chuma, kinachoshika ukingo wa mdomo wa chupa. Funga mara tu baada ya kumimina, irudishe friji ikiwa imesimama, nawe una siku moja au mbili. Usikaze kizibo cha kawaida, gesi itakirusha usiku. Ikipoteza mapovu kabisa usiimwage: kaanga nusu kilo ya kamba kwa siagi na kitunguu saumu, watoe, mimina mililita 150 kwenye kikaango hichohicho, ukwangue chini, ichemke mpaka ibaki theluthi, kisha rudisha kamba kwa dakika moja. Chumvi iongezwe mwisho, baada ya kuonja.